Spiriti ya Viazi Vitamu: Je, Yaweza Kuendesha Trekta?

Kila baada ya mavuno hufika mkulima ofisini kuuliza kama ni kweli viazi vitamu hutoa mafuta ya injini. Ni kweli. Wajapani walifanya hivyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipoadimika kwao. Na hapa Kenya, kati ya mwaka 1983 na 1993, petroli ilichanganywa na spiriti ya kiwanda cha Muhoroni. Lakini hiyo ilitokana na molasi ya miwa, si viazi.

Tofauti hiyo ni kubwa. Molasi ni sukari tayari, na hamira huila mara moja. Kiazi kina wanga hasa, na hamira haili wanga. Lazima kipikwe, kipondwe, kitiwe kimea cha mtama au wimbi, wanga ugeuke sukari. Ndipo hamira itiwe, na baada ya siku tatu au nne hupatikana spiriti kidogo ndani ya maji mengi. Kuitenga na maji kwahitaji moto mwingi, na hata hivyo maji hubaki kiasi cha sehemu 4 au 5 kwa mia, ambayo huondolewa kwa mitambo ya kiwandani kabla ya kuichanganya na petroli.

Sasa tufanye hesabu. Tani moja ya viazi hutoa kama lita 120, yaani gunia la kilo 90 hutoa lita 10 au 11. Tena nguvu ya spiriti ni theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli, basi gunia zima ni sawa na lita 7 za petroli. Kuni bado hatujazihesabu! Mkulima wa Rongai au Solai anajua bei ya gunia lake sokoni.

Iko sheria pia. Mtambo wenyewe ni ule ule wa chang'aa, na kuutumia bila leseni ni kosa, hata ukisema ni kwa ajili ya trekta.

Wengi wanaouliza wana viazi vilivyokatwa na jembe, nao huona uchungu kuvitupa. Hivyo, vikiwa vizima ndani, vikate vidogo uwape ng'ombe pamoja na majani yake. Lakini kiazi chenye ukungu, au kilichotobolewa na fukusi, usimpe ng'ombe kamwe: kina sumu inayoharibu mapafu, naye huhema kwa shida hata akafa. Kifukie shimoni, mbali na boma.