Je, Wajua? Kilima cha Wafalme na Mafunjo ya Lubigi

Urithi wa dunia unaolimwa kwa jembe

Makaburi ya Kasubi, katika divisheni ya Lubaga jijini Kampala, yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni mashamba. Ni karibu hekta 27 za mteremko, zaidi ya viwanja 35 vya mpira, na hapo pembeni Barabara ya Hoima inafoka matatu na bodaboda. Kwa hiyo UNESCO hailindi nyumba peke yake. Inalinda kilima kizima: mashamba, makaburi ya jamaa wa ukoo wa kifalme, na wajane na walinzi wanaoishi humo.

Kabaka mmoja, maziko mawili

Zamani Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, akifariki, mwili ulizikwa mahali pamoja, na mfupa wa taya ukahifadhiwa mahali pengine, katika nyumba yake maalumu. Mutesa wa Kwanza ndiye aliyeivunja desturi hiyo. Alijenga kasri lake Kasubi mwaka 1882, akafariki 1884, akazikwa humo humo na taya lake. Waliomfuata hawakwenda kutafuta vilima vyao. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akarudishwa 1910. Daudi Chwa wa Pili alizikwa hapo 1939. Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969, akaletwa nyumbani 1971. Wafalme wanne chini ya paa moja, na wawili kati yao waliingia Kampala wakiwa tayari marehemu!

Pete 52 kwenye dari

Ukiinua macho ndani ya nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, unaona pete za matete zilizopangwa moja ndani ya nyingine mpaka kileleni. Ni 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Koo hizo hazikuwekwa darini kama pambo tu, maana kazi nazo zimegawanywa kwa ukoo: kuezeka ni kwa watu wa Ngeye, ukoo wa mbega, na mapambo ya nguo za magome ni kwa watu wa Ngo, ukoo wa chui. Kwa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, mwenye wajibu wa kulinda ni serikali ya nchi. Lakini serikali haina mtu wa kupanda juu ya paa hilo mpaka watu wa Ngeye wapande.

Paa lililokaa miaka 13 katika orodha ya hatari

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga. Miezi michache baadaye, katika kikao chake cha Brasília, Kamati ya Urithi wa Dunia iliiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wengi huisikia orodha hiyo wakadhani ni adhabu. Kwa kweli ni king'ora: inaita wataalamu na fedha. Japani ilichangia fedha na ujuzi wa kukinga moto, jambo la maana sana kwa jengo la nyasi.

Sasa sikia hili. Nyumba iliyoungua haikuwa ya miti na nyasi tupu. Mwaka 1938 ilikuwa imetiwa chuma na nguzo za zege, zikafunikwa kwa matete na nguo za magome hata mgeni asizitambue. Thamani ya Kasubi, basi, haikuwahi kukaa kwenye nguzo za kale. Ilikaa kwa wanaojua kuezeka, na nyumba ilipojengwa upya ujuzi huo ndio uliochukua muda: vijana wa ukoo walipaswa kufundwa, nyasi zikusanywe, miiko ifuatwe. Kasubi ilitoka kwenye orodha ya hatari Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh.

Msitu ndani ya nyumba

Nyuma ya pazia la nguo za magome mna sehemu iitwayo "kibira", yaani msitu, ambako roho za wafalme hukaa. Mgeni haingii, hata awe na barua ya UNESCO kutoka Paris. Jirani zetu wa pwani ya Kenya wana misitu halisi yenye miiko ya namna hiyo, Kaya za Wamijikenda, nayo iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mti unaovuliwa nguo bila kufa

Nguo za magome hutoka kwenye mutuba, jamii ya mkuyu. Fundi huubandua gome la ndani wakati wa mvua, huufunga mti kwa majani ya migomba, na gome huota upya. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi mwaka 2005.

Mvua inayolipa mgongo Ziwa Viktoria

Maji ya kinamasi cha Lubigi, kinachopakana na Lubaga upande wa magharibi, hayaendi ziwani, ingawa ziwa liko karibu hivyo. Hushika njia ya kaskazini: mto Mayanja, kisha Kafu, kisha Nile. Mafunjo yake huyachuja njiani, na Katiba ya Uganda ya 1995 inasema serikali inashikilia vinamasi kama amana ya wananchi. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba zilizojengwa humo, na vilio vikasikika mji mzima.

Kampala, mwenyeji wa vinamasi vya dunia

Mkataba wa kulinda vinamasi ulitiwa saini Ramsar, Irani, tarehe 2 Februari 1971. Mkutano wake mkuu ulipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Novemba 2005, ulifanyika Kampala. Leo Uganda ina maeneo 12 kwenye orodha ya Ramsar, likiwemo Mabamba, wanakokwenda watalii kumtafuta korongo nyangumi. Lubigi haimo.