Je, mlango wa mbao tupu unaifaa nyumba yako?

WENYE nyumba wengi hutumia miezi kadha wakichagua mabati, vigae na rangi, kisha mlango wa mbele wakaununua kwa nusu saa kando ya barabara. Ilhali mlango huo ndio utakaopigwa na jua na mvua, na ndio utakaosimama baina ya familia na mwizi usiku wa manane. Kuamua iwapo uwe wa mbao tupu si suala la urembo pekee.

Mlango wa mbao tupu ni ule ambao nguzo zake za pembeni, vipande vya kukingama na paneli za katikati vyote vimetengenezwa kwa mbao halisi. Mlango bapa wa bei nafuu, kwa upande mwingine, huwa ni karatasi mbili za plaiwudi zilizogandishwa juu ya fremu nyembamba, na ndani mna uwazi au kadibodi. Ukiugonga kwa kidole, hulia kama debe tupu.

Faida ya mbao tupu ni dhahiri. Huzuia kelele na haitobolewi kwa teke moja. Hata moto unapozuka, mbao nene huungua polepole kwa sababu makaa yanayofanyika juu yake huikinga sehemu ya ndani kwa muda. Aidha, mlango uliokwaruzwa unaweza kupigwa randa na msasa, ukapakwa vanishi upya na kuendelea kutumika kwa miongo kadha.

Hata hivyo, ubora huo una uzito wake. Mlango wa mvule wenye urefu wa mita 2.1, upana wa sentimita 90 na unene wa milimita 45 unaweza kufikia kilo 55. Uzito huo hauwezi kubebwa na bawaba mbili nyepesi. Huhitaji bawaba tatu imara, skrubu ndefu na fremu iliyoshikizwa barabara ukutani. La sivyo, mlango utalegea na kuanza kukwaruza sakafu.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila mara hupanuka au kunywea kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana mlango uliofungwa vyema mwezi wa Februari hukwama wakati wa mvua za masika. Seremala mwenye ujuzi huiacha paneli icheze ndani ya mfuo wake bila kuipaka gundi, ili ipanuke pasipo kupasua fremu.

Mafundi wa pwani walilijua tatizo hili zamani. Milango ya nakshi ya Lamu, mji wa kale ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, huwa na mbawa mbili nyembamba zinazokutana kwenye mfaa. Ubawa mwembamba hutanuka kidogo kuliko mmoja mpana. Usione vyaelea, vyaundwa.

Kwa hivyo, swali la kwanza la mnunuzi halifai kuwa bei, bali iwapo mbao zilikaushwa. Mbao mbichi zikiundwa mlango, hukaukia nyumbani mwa mnunuzi, nazo hupinda na kuachana kwenye viungo. Fundi mwenye kipima unyevu anaweza kutoa jibu papo hapo. Asiye na kifaa hicho aulizwe mbao zimekaa kivulini kwa muda gani.

Aina ya mti pia ni muhimu. Mvule na msaji hustahimili mchwa na mvua. Saiprasi ni nyepesi na ya bei ya chini, lakini inapaswa kutiwa dawa na kupakwa rangi, hasa ikiwa itatazama mvua. Mbao za mti uliokomaa nazo hazipatikani ovyo: mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Ni vyema mnunuzi aulize mbao zilikotoka.

Nyumba yenye varanda au paa linalochomoza itaufaa mlango kama huu. Ule unaopigwa moja kwa moja na mvua na jua la alasiri utahitaji vanishi mara kwa mara, na kingo za juu na chini, ambazo mafundi wengi huzisahau, zipakwe pia, kwani maji hupenyea hapo. Kwa vyumba vya ndani, mlango bapa unatosha, na fedha zinazookolewa zaweza kuelekezwa kwenye mlango wa mbele.

Mwisho, mbao nene haziwezi kuokoa kitasa dhaifu. Mwizi huvunja palipo pepesi, na mara nyingi hapo ni kitasa au fremu. Wakati huohuo, mlango uliofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani uliko unaweza kuwa mtego kwa waliolala ndani moto ukizuka. Mlango unaofaa humzuia mgeni asiyealikwa, na humruhusu mwenyeji kutoka upesi.