Kompyuta Mpakato Iliyochakaa: Kuiboresha au Kununua Nyingine?

Kompyuta mpakato si chombo cha anasa tena. Ndiyo inayotunza hesabu za duka, maandalio ya mwalimu, utafiti wa mwanafunzi na maombi ya ajira ya kijana. Inapoanza kuchelewa kuwaka, kuzimika ghafla au kuishiwa chaji baada ya dakika chache, mlaji hupata ushauri wa aina mbili. Muuzaji humwambia kwamba imepitwa na wakati. Fundi humwambia kwamba inatengenezeka. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini kila mmoja ana maslahi katika jibu analolitoa. Makala hii inaeleza namna mlaji anavyoweza kufikia uamuzi wake mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Msingi tunaoupendekeza ni huu: tambua kwanza sehemu iliyochakaa, ndipo uulize bei. Kompyuta haizeeki yote kwa wakati mmoja. Mara nyingi sehemu moja au mbili hudhoofika na kuifanya mashine nzima ionekane imekufa.

Tambua sehemu iliyochoka

Kabla ya jambo lolote, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje au flashi. Diski inayotoa sauti ya kugonga, au inayoshindwa kufungua mafaili yaliyokuwa yakifunguka jana, inaweza kufa wakati wowote, na kurejesha yaliyopotea hugharimu kuliko diski yenyewe.

*Uzito wa kazi.* Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, chanzo cha uzito ni hadi diski, yaani diski yenye sahani inayozunguka. Kwa mashine inayotumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha tazama safu za diski na kumbukumbu. Ikiwa diski inafika asilimia 100 mara kwa mara ilhali prosesa imepumzika, tatizo ni diski. Kuibadilisha kwa diski ya aina ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko badiliko jingine lolote: hadi diski ya kawaida husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya bei nafuu husoma takriban 500. Ikiwa safu iliyojaa ni ya kumbukumbu, ongeza RAM. Kwa kazi za ofisi na intaneti za siku hizi, gigabaiti 4 ni chache. Gigabaiti 8 hutosha watumiaji wengi.

*Chaji isiyokaa.* Jaribu kwanza chaja nyingine inayolingana na mashine yako, kwani huenda kilichoharibika ni chaja au waya wake. Baada ya hapo pima betri. Katika Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Kompyuta itaandaa taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Betri iliyobaki na chini ya nusu ya uwezo wake imekaribia mwisho, lakini betri iliyochoka si sababu ya kutupa kompyuta. Betri iliyovimba ni jambo tofauti: acha kuitumia mara moja, usiichaji, usiitoboe, kwa kuwa inaweza kushika moto.

*Joto na kuzimika ghafla.* Vumbi huziba feni na matundu ya hewa. Mashine inapopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe, na mwishowe hujizima. Kusafisha feni na kupaka upya dawa ya kupitisha joto kwenye prosesa ni kazi ya gharama ndogo inayopaswa kufanywa kabla ya kufikiria jambo kubwa zaidi.

Mipaka ya uboreshaji

Yapo mambo matatu ambayo fedha kidogo haziwezi kuyatatua.

La kwanza ni muundo. Katika kompyuta nyingi nyembamba, RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu na haiwezi kuongezwa. MacBook zenye prosesa za M1 na zilizofuata ni mfano ulio wazi. Aidha, RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Andika jina kamili la modeli yako, ukahakiki kinachokubalika kabla ya kununua kifaa.

La pili ni bodi kuu. Ikiharibika kwa maji au kwa hitilafu ya umeme, matengenezo huwa ghali na matokeo yake hayana uhakika.

La tatu ni usalama wa mfumo endeshi. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo zinaendelea kuwaka, ila zisipopata masasisho ya usalama, mianya mipya inayogunduliwa hubaki wazi kwa wahalifu wa mtandaoni. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chombo cha usalama cha TPM toleo la 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Mwenye mashine ya zamani zaidi anaweza kuweka mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, unaopatikana bila malipo na unaoendelea kupata masasisho. Hata hivyo, ahakikishe kwanza kwamba programu za kazi yake zinafanya kazi humo.

Piga hesabu ya mwaka, si ya siku moja

Bei pekee haitoshi kuamua. Gawanya gharama kwa miaka unayotarajia chombo kikutumikie. Tuchukue mfano, ambao bei zake ni za kuonyesha hesabu tu. Kompyuta ya mwaka 2018 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inahitaji SSD na RAM kwa jumla ya shilingi 240,000, na itatumika miaka 3 zaidi: hiyo ni shilingi 80,000 kwa mwaka. Mpya ya shilingi 1,320,000 itakayodumu miaka 6 hugharimu 220,000 kwa mwaka. Hapa uboreshaji unashinda.

Sasa tuchukue kompyuta ya mwaka 2013, isiyokubali Windows 11, yenye betri iliyokufa, bawaba zilizovunjika na kioo chenye ufa. Matengenezo ni shilingi 450,000, na haitarajiwi kupita miezi 18: hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Hata kama fedha zinazotakiwa leo ni pungufu, mlaji huyu anajitia hasara. Kwa kifupi, boresha pale tatizo ni diski, RAM, betri au vumbi, na mashine bado inapokea masasisho. Badilisha pale sehemu nyingi zimeharibika kwa pamoja, au bodi kuu imeguswa.

Unapoipeleka kwa fundi

Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya vifaa na ujira. Piga picha ya mashine na uandike namba yake ya utambulisho pamoja na ukubwa wa RAM na diski iliyomo, ili usirudishiwe iliyopungua. Omba kurudishiwa kifaa kilichotolewa. Usimpe fundi nywila za benki au za barua pepe. Matengenezo ya kawaida hayazihitaji. Kabla ya kulipa, washa kompyuta mbele yake na uhakiki kwamba ukubwa wa RAM na diski ni ule mliokubaliana.

Ukiamua kununua nyingine

Masoko yetu, Kariakoo ikiwa mojawapo, yamejaa kompyuta zilizotumika kutoka nje ya nchi. Nyingi ni imara, hasa zile zilizotengenezwa kwa matumizi ya ofisi. Lakini maneno kama "Core i7" pekee hayatoshi: i7 ya kizazi cha 3 inaweza kuzidiwa na i5 ya kizazi cha 8. Uliza kizazi cha prosesa, uwezo uliobaki wa betri, na kama Windows iliyomo ni halali. Jaribu kibodi yote, kamera, spika, sehemu za kuchomeka flashi na intaneti isiyo na waya kabla ya kuondoka dukani.

Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, inayotaja muda na kinachohusika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimpi muuzaji ruhusa ya kuuza kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 kwa jina la gigabaiti 8. Mlaji mwenye risiti na maelezo ya maandishi husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Ile ya zamani iende wapi

Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kabisa. Mwenye ujuzi anaweza kuyarejesha. Kabla ya kuuza au kugawa, tumia Reset this PC na uchague kufuta kila kitu pamoja na kusafisha diski, au itoe diski ubaki nayo. Mashine isiyofaa isichomwe wala kutupwa jalalani, kwa kuwa ina risasi na kemikali za betri zinazodhuru udongo na maji. Ikabidhi kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali.

Tunamsihi kila mlaji asifanye haraka. Saa moja ya kuipima kompyuta yako inaweza kuokoa fedha za ada ya muhula mzima.