Rimoti ya kijiti cha intaneti ikigoma Kamina, usikimbilie kununua nyingine

KAMINA – Televisheni imewaka, picha ipo, intaneti ipo, lakini hakuna kitufe kinachoitikia. Kwa mwenye kijiti au kisanduku cha intaneti kilichochomekwa nyuma ya televisheni, rimoti ikifa ni kama kifaa chote kimekufa. Vijiti vingi havina kitufe hata kimoja cha kuchagulia filamu au kuandikia nenosiri.

Hasara yake huonekana zaidi siku ya mpira. Januari 28, 2024, Léopards walipoitoa Misri kwa penalti kwenye CAN, na kipa Lionel Mpasi mwenyewe kufunga ile ya mwisho, mtu aliyekuwa akihangaika na vitufe dakika hiyo hakuwa na mchezo wa marudiano wa kusubiri.

Kamina ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapa, moja ikielekea Ilebo na nyingine Kabalo hadi Kalemie. Lakini rimoti halisi ya kijiti si bidhaa ya kila kibanda, na Lubumbashi iko umbali wa zaidi ya kilomita 400. Ndiyo maana anayekwama hununua telekomande ya bei nafuu, ile inayosemekana kufaa kwa televisheni zote. Anafika nyumbani, anabonyeza, kimya. Anaamini kijiti ndicho kimeharibika, na hapo hasara inakuwa mara mbili.

Kumbe huenda hakuna kilichoharibika. Rimoti hizi hazisemi lugha moja.

Rimoti za televisheni, za dekoda na za visanduku vingi vya bei nafuu hutuma mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Mwanga huo hauvuki ukuta wala mbao. Kisanduku kikisukumwa nyuma ya televisheni, jicho lake la kupokea linafichwa na rimoti inaonekana mbovu ilhali ni nzima. Jua kali la dirishani nalo linaweza kuuvuruga. Shida hiyo ni ya zamani: rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic ya kampuni ya Zenith, iliyobuniwa na Eugene Polley mwaka 1955, ilikuwa tochi tu, na jua likiingia sebuleni liliweza kubadilisha chaneli lenyewe.

Vijiti kama Fire TV Stick na Chromecast yenye Google TV hutumia redio ya Bluetooth. Rimoti ya namna hii hufanya kazi hata ikielekezwa ukutani, lakini ni lazima kwanza iunganishwe na kijiti chake. Telekomande ya infraredi ya sokoni haiwezi kuongea nacho hata ukiibonyeza hadi asubuhi. Dalili rahisi ya kuitambua ni kitufe chenye alama ya maikrofoni. Rimoti inayopokea sauti ya mtu kwa kawaida ni ya redio.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba rimoti moja inaweza kuwa na lugha zote mbili. Vitufe vya sauti na vya kuzima televisheni hutuma infraredi, vile vya kuchagua filamu hutuma Bluetooth. Sauti ikipanda lakini menyu isisogee, betri zina nguvu kiasi. Huenda uhusiano na kijiti ndio uliokatika.

Kamera ya simu husaidia kupima. Washa kamera, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi na ubonyeze kitufe cha sauti. Kinachong'aa kwa rangi ya zambarau au nyeupe kwenye kioo ni infraredi. Tumia kamera ya mbele, kwa kuwa ya nyuma kwenye simu nyingi huchuja mwanga huo. Kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu Bluetooth.

Kabla ya yote, badilisha betri zote mbili kwa pamoja, maana betri mpya ikichanganywa na iliyochoka huvutwa chini. Kisha chomoa kijiti kwenye umeme, si kukizima kwa kitufe tu, subiri dakika moja na ukirudishe. Kwa Fire TV, shikilia kitufe chenye picha ya nyumba kwa sekunde 10 hivi. Kwa Chromecast yenye Google TV, shikilia kile cha nyumba pamoja na kile cha kurudi nyuma mpaka taa ndogo ianze kumweka.

Umeme nao una lake. Kijiti kinachonyonya moto kwenye tundu la USB la televisheni mara nyingi hakishibi. Tundu la zamani hutoa nusu ampea, na vijiti vingi huhitaji ampea moja. Kinajizima na kujiwasha, na lawama inaangukia rimoti. Kitumie chaja yake ukutani.

Rimoti ikiwa imepotea au imevunjika kabisa, jaribu ile ya televisheni yenyewe. Televisheni nyingi za sasa hupitisha amri kwenye waya wa HDMI, mradi huduma hiyo, iitwayo CEC, imewashwa kwenye mipangilio. Isipowezekana, programu ya Google TV au ya Fire TV huigeuza simu kuwa rimoti, ila simu na kijiti lazima viwe kwenye mtandao mmoja.

Hapo ndipo wengi hukwama: umehama nyumba au umebadilisha modemu, kijiti kinautafuta mtandao wa zamani, na bila rimoti huwezi kukionyesha mpya. Dawa yake ni simu mbili. Ya kwanza igawe intaneti kwa jina lile lile na nenosiri lile lile la mtandao wa zamani, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Kijiti kitadhani kimerudi nyumbani na kujiunga chenyewe. Simu ya pili ijiunge pia, ifungue programu na kuongoza. Ukishaingia kwenye mipangilio, unganisha mtandao mpya.

Likibaki la kununua, usiagize kwa jina la duka au kwa umbo la rimoti. Piga picha maandishi madogo yaliyo kwenye mwili wa kijiti, penye namba ya modeli, na mtumie muuzaji wa Lubumbashi hiyo picha. Ya Fire TV haiongozi Chromecast hata zikifanana. Ukinunua papo hapo, nenda na kijiti na chaja yake, na muuzaji akiunganishe kwenye televisheni ya dukani kabla hujatoa franga.