Ringi 19 au 20? Tuyaulize Mawe ya Mwanza

"Mjomba, wewe ndiye msomi," anko wangu wa Bwiru alinipigia simu. "Gari la umeme nimepata. Niweke ringi 20? Zinapendeza."

Zinapendeza kweli, ila tupige hesabu. Hyundai Ioniq 5 huvaa 235/55R19 au 255/45R20. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni ringi kwa inchi. Asilimia 55 ya 235 ni milimita 129. Asilimia 45 ya 255 ni 115. Kimo cha tairi zima hakibadiliki sana. Kinachopungua ni mpira kati ya ringi na jiwe, na njia zetu za vilimani, lami ikiisha, ni mawe matupu.

Tairi pana na ringi nzito pia hula chaji, kwa hiyo safari inafupika.

Halafu kuna uzito. Betri inalifanya gari likaribie tani mbili. Namba ya mzigo 105 ni kilo 925 kwa tairi moja. Usishuke chini ya ile aliyoweka mtengenezaji.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata nene zisikudanganye, mpira nao huzeeka.

Anko kachukua 19, roho ikimuuma. Lakini mvua ikinyesha, wanangu wadogo wa kwake ndio wanaoshuka naye ule mteremko.