Bustani za magunia zageuka biashara kwenye pembe ya nchi tatu

ARUA: Gunia lililokwisha kubeba mahindi, kopo lisilo na kitako, ndoo chache za kokoto na udongo uliochanganywa na samadi. Kopo hukaa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo ukamwagwa kulizunguka, kisha likavutwa juu na kujazwa tena, hadi nguzo ya kokoto ifike mdomoni. Maji yakimiminwa juu hushuka kwa kokoto na kufika hadi mizizi ya chini. Miche ya sukuma wiki au mchicha huchomekwa kwenye matundu ubavuni, na mama mwenye ua mwembamba kuliko kitanda anakuwa na mboga za wiki nzima.

Ufundi huu haukuzaliwa Nile Magharibi. Kibera, jijini Nairobi, ulienea mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowagawia wakazi miche na magunia. Binamu yake, kitanda cha mviringo chenye shimo la mboji katikati, kinajulikana sana Lesotho. Kilicho kipya Arua na Koboko ni kwamba bustani ya nyumbani isiyotumia kemikali haitazamwi tena kama msaada tu. Kuna watu wanaotaka iwe kampuni: yenye miche ya kuuza, mboji ya kupima kwa kilo, na fundi wa kuja nyumbani kwa bodaboda kuangalia kwa nini majani yanajikunja.

Mahali penyewe panaeleza mengi. Koboko, iliyojitenga na Arua na kuwa wilaya mwaka 2005, inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkakwa wa Koboko ana shangazi upande wa Kaya na mjomba upande wa Kongo, na mpaka kwake ni kituo cha kuonyesha kitambulisho njiani kwenda msibani. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, iko mwendo mfupi kutoka mpaka wa Vurra, na soko la Ariwara ng'ambo ya Kongo ni jina la kila siku kwa wachuuzi wake. Fungu la kunde, ambalo Walugbara hulipika kwa jina la osubi, lina wateja wa nchi tatu kabla ya jua kutua.

Tena ni ardhi iliyolishwa kemikali kwa sababu inayojulikana. Kwa miongo mingi zao la fedha la Nile Magharibi lilikuwa tumbaku. Kampuni zilimkopesha mkulima mbolea na dawa, zikakata deni siku ya kupima majani. Miti ilikwenda kwenye matanuri ya kukaushia. Mkulima aliyepitia hayo hahitaji semina ya kumweleza maana ya kununua pembejeo kwa mkopo, na ndiyo maana habari ya samadi, majivu na majani ya mwarobaini humwingia upesi kuliko wataalamu wanavyodhani. Vitu hivyo viko uani kwake.

Hapo hapo ndipo penye mtego wa biashara hii. Mteja akishajua kutengeneza mboji mwenyewe, kampuni itamuuzia nini?

Jibu limo kwenye miche na kiangazi. Mbegu ya mboga humwagwa kwa sekunde, lakini kuiatika, kuivika kivuli na kuinusuru na panzi ni kazi ya majuma kadhaa ambayo mwenye duka au mwalimu hana nafasi nayo. Na kati ya Desemba na Machi, mvua inapokatika na udongo wa kichanga kukauka, bei ya mboga hupanda sokoni. Anayeweza kumhakikishia mteja miche Januari, pamoja na kitanda kinachotunza maji, ndiye mwenye kampuni. Wengine wanauza magunia, na gunia hununuliwa mara moja.

Soko kubwa zaidi liko makambini, nalo ndilo gumu zaidi. Rhino Camp, iliyofunguliwa mwaka 1980, na Imvepi, iliyofunguliwa Februari 2017 wakati Wasudani Kusini walipokuwa wakimiminika, ziko katika eneo lililokuwa Arua ya zamani. Lobule, wilayani Koboko, inahifadhi Wakongo. Familia nyingi zilizofika katika wimbi la 2017 zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, humo humo nyumba, choo na jiko. Shamba halipo, bustani tu ndiyo inayowezekana.

Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: walio hoi kabisa wabaki na asilimia 60 ya mgao, wa kati asilimia 30, na wanaoonekana kujimudu wasipate kitu. Mei 2025, watu wapatao milioni 1 waliondolewa kwenye msaada huo. Kitanda cha mchicha kilichokuwa nyongeza ya maharage ya mgao kikawa sehemu kubwa ya chakula chenyewe.

Kwa kampuni changa, hali hiyo ina pande mbili. Mashirika ndiyo yaliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mbegu na mafunzo, lakini pia ndiyo yaliyozoesha watu kupewa bure. Ni nani atanunua pakiti ya bamia Jumatatu akijua gari la shirika litagawa nyingine Alhamisi? Sasa fedha za wafadhili zimepungua, na USAID ilisimamisha shughuli zake Julai 2025. Ushindani wa bure unapungua, na mteja aliyekuwa akilipa hundi kubwa anatoweka pamoja nao. Omia Agribusiness, kampuni ya Arua inayouza mbegu na pembejeo nyingine, ilishaonyesha kwamba duka linaweza kusimama hata ndani ya makazi ya wakimbizi. Haikufanya hivyo kwa kilimo hai peke yake, jambo ambalo wanaoanza leo wangefaa kulipigia hesabu mapema.

Kinachobaki ni jina la bidhaa. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao hai, chenye alama ya Kilimohai, kikisimamiwa kwa upande wa Uganda na vuguvugu la NOGAMU lililoanzishwa 2001. Ukaguzi wa kampuni binafsi ni ghali kwa mwenye vitanda sita, lakini upo utaratibu wa wakulima kujiunga kikundi na kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Mpaka leo alama hiyo inawafaa zaidi wauzaji wa Kampala, ambako mnunuzi wa supamaketi husoma lebo.

Kiwango hicho kilipopitishwa, Sudan Kusini ilikuwa bado haijawa nchi. Ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na Kongo ikafuata 2022. Koboko, iliyokuwa ukingo wa Jumuiya, sasa imezungukwa na wanachama. Hata hivyo mchuuzi wa Oraba anayevuka na kikapu cha mlenda kwenda Kaya haulizwi kama uliota kwa samadi au kwa mbolea ya kiwandani. Mnunuzi wake hukunja jani moja, huangalia kama bado linavunjika, kisha hutaja bei.