Hispania: Valencia yachoma kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja

Kila tarehe 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, wakaaji wa Valencia, mashariki mwa Hispania, huchoma sanamu kubwa zilizojengwa kwa michango ya kila mtaa. Sikukuu hiyo inaitwa Fallas. Wazima moto husimama kando, wakimwagia maji kuta za nyumba za jirani.

Sanamu nyingi huwacheka wanasiasa. Tangu 1934, wananchi hupiga kura ili kuokoa moja isiungue.

Oktoba 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika jimbo hilo. Miezi mitano baadaye mitaa ilisherehekea tena, na baadhi ya sanamu ziliwadhihaki viongozi waliolaumiwa kwa kuchelewa kutoa onyo. Nazo ziliteketezwa.

Kesho yake majivu hufagiliwa, na michango ya mwaka mwingine huanza.